Bomba Linalouliza

Katika kambi ya Kashenyi, bomba la serikali huuliza kabla ya kutoa maji: "Uko salama nyumbani?" Nabintu, jirani wa Mapendo, alijibu hapana. Maafisa wa ulinzi wakampeleka "mahali salama," na wanawe hawajamwona tena.

Ndiyo maana Mapendo alimfundisha binti yake, Sifa, jibu moja tu.

Asubuhi moja, mbele ya foleni ya wanawake bombani, Sifa alisema, "Niko salama." Maji yakaanza kutoka.

"Asante, Sifa," bomba likasema. "Na mama yako?"

Halikuwahi kuuliza hivyo. Mapendo akavuta kitenge kufunika jicho lake lililovimba. Maji yakakatika.

"Sema yuko salama," akamnong'oneza binti yake.

Sifa akaangua kilio. "Baba alimpiga."

Maji yakafunguka tena, yakajaza ndoo, yakafurika, wala hakuna mwanamke kwenye foleni aliyesogea kuyakinga.