Digidigi Aliyelia Kabla ya Mbio

Enzi zile wanyama walipokuwa wakishindana mbio nyikani, bingwa wa wanawake alikuwa Mbuni, na hakuna aliyewahi kumwona akitoa chozi. Digidigi, mwenzake wa mazoezi, alilia kabla ya kila shindano.

"Futa machozi, mdogo wangu," Mbuni alimwambia. "Bingwa halii."

"Mimi nalia kwa macho tu, dada. Miguu haihusiki."

Siku ya fainali walijikwaa kwenye mzizi mmoja, wakaanguka wote wawili mbele ya umati. Digidigi aliinuka akaendelea kukimbia, huku analia. Mbuni alibaki chini, kichwa amekificha chini ya bawa.

Digidigi alipogeuka na kumwona, alirudi.

"Inuka, dada."

"Siwezi. Nikiinuka nitalia, na wote wananitazama."

"Basi lia huku unakimbia. Mimi ndivyo nifanyavyo siku zote."

Walimaliza wa mwisho, nyuso zimelowa.

Msimu uliofuata, Digidigi alikuwa amejibanza nyuma ya kichuguu akilia kama kawaida yake, mara Mbuni akaja akainama.

"Sogea kidogo," alisema. "Filimbi inakaribia kupigwa, na mimi sijaanza."