Sahani Juu ya Mchanga

Mchanga niliuosha maji tisa, hadi yakatoka safi kama ya kunywa. Dukani upo wa kununua, lakini binti yetu alikuwa ameshachagua huu, wa rundo lililobaki tulipojenga jiko. Aliuchezea mwaka mzima huku tukimwahidi samaki. Samaki wamekuja, yeye hayupo.

Jana tuliumwaga kwenye tangi la kioo. Leo, ukiwa bado na unyevu, nikausawazisha kwa rula yake ya shule, ukalala kama shuka lililopigwa pasi. Nikaenda jikoni kuchukua sahani ya kuweka juu yake, maji yakimiminwa yasiuchimbe.

Niliporudi, katikati ya mchanga palikuwa na alama ya kiganja cha kulia. Kiganja kidogo, kidole cha mwisho kimepinda, kama chake tangu alipobanwa na mlango.

Nyumbani tulikuwa wawili tu. Mume wangu aliingia kutoka uani na ndoo ya maji. Tangu msiba hajui aniite nani. Husema "wewe", au hukohoa tu.

"Haya, weka sahani. Samaki wanachoka kwenye mfuko."

Sikuweza. Niliishika sahani kifuani, nikasogea ili aone mwenyewe.

Alitazama. Ndoo akaitua chini taratibu, maji yakamwagikia miguu yake na hakuikwepesha.

"Mama yake," alisema, "jana ulikuwa mkono wa kushoto."

Akafuta uso kwa kiganja, kisha akamalizia:

"Nikausawazisha."