Jina la Sita

"Hiyo patasi irudishe garini," Bibi Idella alipaza sauti kutoka kibarazani kwake, mkabala na makaburi. "Chai ya barafu ipo, karibu. Patasi haijaalikwa."

Lyle Pruitt alisimama kama mtoto aliyefumwa akilamba sukari. Ofisi yake ilimtuma mji huu wa Oklahoma kwa kazi ndogo tu. Jiwe la kumbukumbu la vijana wa Kiingereza, waliokuja kujifunza urubani wakati wa vita wakafia hapa, lilikuwa na majina sita. Orodha ya jeshi ilikuwa na matano. La sita, Clement Tarwater, halimo popote, na Jumatatu ndiyo siku ya kuwakumbuka wafu wa vita. Lazima lifutwe kabla.

Bibi Idella Tarwater, miaka sabini na minne, alishaapa kwamba watalifuta yeye akiwa maiti.

"Alikuwa ndugu yako?" Lyle aliuliza, akiketi.

"Tumekulia nyumba moja. Wale Waingereza walikuwa wanakuja kula kwetu Jumapili. Wakampenda, basi! Ikawa kila siku yuko kambini nao."

"Kwa hiyo naye alisoma urubani?"

"Darasani aliingia, ndiyo. Karatasi ya mtihani wa ramani aliimaliza kwa dakika mbili. Mwalimu alibaki mdomo wazi."

Lyle aliandika: *mwepesi sana*. "Na nidhamu?"

"We! Nidhamu aitoe wapi? Sajini kapiga kelele weee, ndevu hazikunyolewa. Na saluti hakumpigia mtu."

Lyle alicheka. Kisha akaona mwenzake hacheki tena.

"Siku ile walikuja kuniomba mimi. Wote watano, kofia mikononi. Eti maskini hajapanda ndege hata siku moja, wamrushe kidogo tu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, bwana Pruitt. Nikasema haya, mchukueni, ila arudi kabla ya chakula cha jioni." Alijifuta macho kwa aproni. "Ukungu ukashuka, ndege ikagonga kilima. Tuliwazika kaburi moja, wote sita. Leo uje wewe na kipatasi chako umtoe? Mimi ndiye niliyemruhusu. Nikienda pale kesho nimwambie nini?"

Lyle aliitoa ile orodha ya jeshi mfukoni. Miaka ishirini kazini hakuwahi kuvunja sheria hata moja, na sasa mkono wake ulikuwa unatafuta kalamu. Chini ya majina matano akaandika: *Clement Tarwater, mwanafunzi rubani. Alisahauliwa kwa kosa la ofisi.* Akatia sahihi, akagonga muhuri.

"Jumatatu nitalisoma mwenyewe," alisema. "Kwa sauti, mbele ya bendera na wakubwa wote."

"Mungu akubariki, mwanangu!" Bibi Idella alimshika mashavu, akambusu kwenye paji la uso. Akaingia ndani mbiombio, akarudi na picha ya zamani iliyokunjika pembeni: vijana mbele ya ndege, wamekumbatiana, wanacheka hadi macho yamefumba.

"Chukua, uwajue kwa sura," alisema. "Clement ni huyo wa katikati, mwenye ndevu na pembe."