Shikamoo ya Mwenye Kipando

Siku hizi shikamoo haifuati umri. Inafuata mnyama unayempanda kule kwenye mchezo wa mtandaoni. Mwenye kipando anaamkiwa, mwenda kwa miguu anaamkia, na mlango wa nyumba unasikiliza: usipoamkia, haufunguki.

Mimi nilikuwa na punda milia mwenye mabawa. Nilimpata kwa jasho, nikivuka misitu ya majini huku magoti yananiuma kitini. Juzi msimu mpya umefunguliwa, wenye mchezo wakasema wazee wote turudie mwanzo, eti tusisahau njia. Njia gani nisahau mimi? Nimebaki peku na rungu la kitoto.

Jana nimetoka dukani na unga kichwani, mlango kimya. Ndani yuko Salha, mjukuu wangu niliyemwogesha kwa mikono hii. Wiki hii kapata simba wa kupanda.

"Mke mwenzangu, nifungulie!"

"Bibi, niamkie tu. Mlango unakusubiri wewe."

"Nikuamkie wewe? Makamasi yako nimefuta mimi!"

"Jamani Bibi, mvua hiyo, unga utalowa."

Kweli, ilikuwa imeanza. Nikapaza sauti, "Kitendawili!" Zamani angeruka na "Tega!" yake hata akiwa chooni.

"Kitendawili hakifungui mlango, Bibi."

Nikauma meno. "Shikamoo."

Mlango ukafunguka. Nilingoja acheke, tuutukane mlango pamoja kama kawaida yetu. Alikuwa anasuka nywele mbele ya kioo, wala hakugeuka.

"Marahaba," akaniambia. "Hujambo?"