Shingo ya Simoni

“Inama zaidi, mzee,” alisema Alois mchoraji. “Kwenye kitabu cha padre, Simoni ameinama chini ya msalaba wa Yesu.”

Mzee alisimama wima, gogo begani. “Nimebeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo mara saba, kwa ujira wangu. Mnyamwezi hainami. Walioinama ni watumwa, wale wa mnyororo.”

Akalitua gogo, akasogea kuutazama ukuta wa kanisa. Mchoro wa mkaa ulikuwa karibu kwisha. Mgongo wa Simoni ulitoka kitabuni, lakini shingo ilizungukwa na kovu pana, lililokunjamana kama ngozi iliyoungua. Mkono wa Alois ulikuwa umelichora bila kumuuliza.

“Hilo ni kovu la mnyororo,” mzee alisema taratibu. “Huyu umemwona wapi?”

Mtaa mzima wa Kanyenye ulijua kwamba baba yake Alois, huko kwao Kongo, alikuwa tajiri wa pembe. Alois mwenyewe ndiye aliyewaambia.

“Kitabuni,” alijibu, uso umemshuka.

Akalowesha kidole gumba kwa mate, akaanza kulifuta kovu alilokuwa akilishika utotoni, kila baba yake alipombeba mgongoni.