Mzizimo

Mwinyikombo, mtunga kamusi, alikwenda kwa Bi Mwanakheri kuuliza habari za neno "mzizimo". Wenzake walitaka kulifuta. Siku hizi watu husema baridi, basi.

"Bibi, mzizimo na baridi si kitu kimoja?"

"Ngoja, mwanangu."

Alimpeleka uani, akamwonyesha mito miwili iliyoanikwa juani tangu asubuhi.

"Huu wangu. Uguse."

Ulikuwa wa moto.

"Na huu wa marehemu mume wangu."

Mwinyikombo alipougusa, ubaridi ulimpanda mpaka begani. Akauondoa mkono upesi. Katikati ya mto palikuwa na bonde, kama kichwa kimeinuka sasa hivi.

"Huo ndio mzizimo," bibi alisema taratibu. "Mkilifuta neno, nitamwitaje?"

Juani pale, lile bonde lilizidi kudidimia.