Tundu la Kunong'onea

Ndege majike walikuwa na kichuguu chenye tundu. Jike aliyetaka kumsema dume alinong'ona humo, na wenzake wakasikia upande wa pili bila kumjua.

Siku moja sauti ikasema, "Hondohondo mgane alimfungia marehemu mkewe ndani ya mti, akaziba kwa tope!"

Majike wote wakamkimbia. Hondohondo jike mmoja, mgeni, akaliuliza tundu, "Shoga, marehemu alikula nini humo?"

"Alilishwa matunda kwenye upenyo, mpaka makinda wakaota mabawa."

"Basi kwetu hayo ndiyo mapenzi. Hebu toka nikuone."

Kanga akatoka, kichwa chini. "Nilidhani ni jela."

"Tundu libaki, maana madume wabaya wapo. Ila msemaji akae aulizwe."

Kwenye harusi ya mgeni na yule mgane, aliyekanda tope la kuzibia mti ni Kanga.